Buibui-kaa wa maua: kwa nini picha ya simu haifiki kwenye spishi

Piga picha ya buibui mweupe aliyejibanza kwenye ua la mbaazi, ipandishe kwenye programu ya simu ya kutambua viumbe, na papo hapo utaletewa jina la kisayansi lenye maneno mawili. Tangu mwaka 2017, iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu hupandisha picha za viumbe, lilipoanza kupendekeza majina kwa akili mnemba, kazi iliyokuwa ikihitaji hadubini na rafu ya vitabu imeonekana kuwa ya dakika moja. Wapo wanaoshangilia kwamba utambuzi wa buibui sasa uko mikononi mwa kila mtu, na wapo wataalamu wanaoipuuza mashine kwa sababu inakosea mara kwa mara. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hazijalielewa jambo hili. Zote zinaamini kwamba tatizo ni uwezo wa mashine, na kwamba ikilishwa picha nyingi zaidi kutoka kwenye kamera bora zaidi, makosa yatakwisha. Hayatakwisha. Kwa buibui-kaa wa maua, hasa wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Thomisus walioenea Afrika ya kitropiki, alama zinazotenganisha spishi na spishi hazimo kwenye picha ya kawaida. Hata mtaalamu aliyebobea, akipewa picha hiyohiyo, anapaswa kuishia kwenye jenasi.

Ni vizuri kueleza kwanza picha inafika wapi, maana inafika mbali kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Familia ya buibui-kaa, Thomisidae, ilipewa jina na Msweden Carl Jakob Sundevall mwaka 1833, na leo ina spishi zaidi ya 2,100. Kumtambua mmoja wao si kazi ngumu. Miguu ya jozi mbili za mbele ni mirefu na minene kuliko ya jozi mbili za nyuma, na yote imegeukia pembeni, hivyo buibui anaweza kwenda upande au kinyumenyume bila kugeuza mwili. Hafumi utando wa kunasia, anavizia. Macho yake 8 yamepangwa katika safu mbili zilizopinda, na yale ya pembeni hukaa juu ya vinundu. Kelisera zake, yaani taya, kwa kawaida hazina meno, kwa hiyo hasagi windo: analitoboa, analifyonza na kuliacha ganda likiwa zima. Nyuki aliyekufa akiwa kamili, amening'inia chini ya ua, ni dalili nzuri kwamba buibui-kaa yuko karibu. Wanaochanganywa naye ni wale wa Philodromidae, ambao zamani waliwekwa ndani ya familia hii lakini miguu yao yote minne ya kila upande inakaribiana kwa unene na ule wa pili ndio mara nyingi mrefu kupita yote. Wale wakubwa wa kahawia wa Sparassidae wanaokimbia ukutani usiku. Na wale bapa wa Selenopidae, ambao macho yao 6 kati ya 8 yamejipanga safu moja mbele. Picha moja safi ya juu inatosha kuwatenga wote hao.

Jenasi nayo mara nyingi inaonekana, ila picha ikipigwa kutoka upande sahihi. Jike wa Thomisus ana fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili) linalopanuka kuelekea nyuma na kuishia na pembe mbili zilizochongoka, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu anaonekana kama trapeza. Alama ya uhakika zaidi iko usoni: macho ya pembeni ya mbele na ya nyuma yamekaa pamoja juu ya kinundu chenye umbo la pia, kimoja kila upande, na kichwa kikitazamwa kwa mbele kinaonekana kuwa na pembe. Runcinia, anayependa nyasi, ana fumbatio refu na ukingo mweupe unaokata uso chini ya macho. Synema ana kefalotoraksi (sehemu ya mbele ya mwili yenye kichwa na miguu) inayong'aa na fumbatio la mviringo. Heriaeus ni wa kijani na ana nywele ndefu mwili mzima, Monaeses ni mwembamba na hujinyoosha kwenye bua, na Tmarus hukaa kwenye vijiti na magome huku fumbatio lake likichomoza nyuma juu ya vyuzio, viungo vya kutolea uzi. Wengi hukosea hapa kwa sababu hupiga picha ya juu peke yake. Jike mchanga wa Thomisus, ambaye pembe za fumbatio hazijachomoza, akipigwa picha kutoka juu huweza kupewa jina la jenasi nyingine kabisa. Picha moja ya uso ingemaliza ubishi.

Baada ya hapo picha huishiwa nguvu, na sababu ya kwanza ni rangi, kitu ambacho jicho la mtu na mashine hukimbilia mbele ya vyote. Majike wa spishi kadhaa za Thomisus huweza kuwa weupe, wa njano au wa waridi, na wengine hubadilika kufuata ua wanalovizia. Kwa Misumena vatia, jamaa yao wa Ulaya na Marekani Kaskazini aliyechunguzwa sana, kutoka nyeupe kwenda njano huchukua kati ya siku 10 na 25, na kurudi nyeupe huchukua siku 6 hivi. Weupe unatokana na fuwele za guanini zinazoonekana kupitia ngozi angavu; njano ni rangi inayotengenezwa na kusambazwa kwenye tabaka la juu la seli, na buibui akihamia ua jeupe huiondoa. Ina maana kwamba buibui mmoja, akipigwa picha leo na tena baada ya wiki tatu, anaweza kuonekana kama spishi mbili kwa anayetegemea rangi. Kuna jambo jingine ambalo kamera hailioni kabisa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba Thomisus spectabilis wa Australia huakisi mwanga wa urujuanimno, na kwamba maua yaliyokaliwa na buibui huyo yaliwavutia nyuki wa asali zaidi ya yale matupu. Tunachokiita «mweupe aliyejificha» ni maelezo ya jicho letu tu. Tena hapo nimewazungumzia majike. Dume wa Thomisus ni mdogo kupita kiasi: kwa T. onustus jike hufika milimita 7 hadi 11 na dume milimita 2 hadi 4, wa kahawia au wa kijani-kahawia, na ukimkuta peke yake huwezi kumhusisha na jike kwa macho. Zipo spishi ambazo hadi leo zimeelezwa kwa jinsia moja pekee.

Sababu ya pili iko katika historia, na ndiyo inayosahaulika. Walckenaer aliiunda jenasi hii mwaka 1805 kwa buibui wa Ulaya. Spishi nyingi za Afrika zilifuata baadaye mezani kwa watu waliopokea vichupa kwa meli: Karsch wa Berlin alieleza T. blandus mwaka 1880, Simon wa Paris T. daradioides mwaka 1890, Pocock wa London T. stenningi mwaka 1900. Walichokuwa nacho ni buibui waliokwisha kukaa kwenye pombe. Pombe huondoa njano, waridi na kijani kwa muda mfupi, na kielelezo cha miaka mingi hubaki na rangi ya majani makavu. Maelezo yao ya rangi, pale yalipo, mara nyingi ni ya kitu kilichochujuka. Embrik Strand, Mnorwe aliyefanya kazi Ujerumani, alieleza spishi nyingi za Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na baadhi ya buibui aliowatumia kama msingi wa maelezo hayo walikuwa hawajakomaa, jambo linaloyaacha majina kadhaa bila namna ya kuyathibitisha. Waliosafisha vurugu hii, Comellini mwaka 1957 na Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika Kusini mwaka 1983, hawakuegemea rangi. Walivirudia vielelezo vya awali (buibui walewale waliotumiwa kutoa majina), wakachora via vya uzazi vya jike na dume, wakaunganisha majina yaliyorudiwa. Kwa hiyo jina kama T. stenningi limefungwa kwenye umbo la kiungo kisichofika nusu milimita, wakati picha tunazopiga zinaonyesha rangi ambayo waliolitoa jina hilo huenda hawakuiona kamwe. Kumbukumbu hizi mbili, ya buibui hai na ya buibui wa kwenye kichupa, hazijawahi kuunganishwa ipasavyo kwa spishi nyingi za kwetu.

Anayetaka kujua «via vya uzazi» vina maana gani mezani, kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza hakikisha buibui amekomaa. Jike komavu ana epigini, kibamba kigumu chenye rangi nzito upande wa chini wa fumbatio, katikati ya mapafu yake, mbele kidogo ya mfereji unaokata tumbo. Asiye nayo bado ni mchanga, na hapo spishi haitajwi, hata awe mzuri namna gani. Dume komavu ana palpi (viungo viwili vifupi kando ya kinywa) zilizovimba ncha kama glovu za bondia, na ndani ya uvimbe huo lazima yaonekane maumbo magumu na miiba. Uvimbe laini usio na kitu ni wa dume aliyebakiza kujivua ngozi mara moja. Kabla ya kumtia kwenye pombe, mpige picha akiwa hai na uandike alikuwa kwenye ua gani. Ethanoli ya asilimia 70 hadi 75 inafaa kuhifadhi mwili. Anayetaka vinasaba aweke mguu mmoja kwenye ya asilimia 96, mahali pa baridi. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye pombe na kukuachia karatasi tupu.

Chini ya hadubini ya kupasulia, epigini hukatwa pembeni kwa sindano nyembamba na kuinuliwa. Upande wa nje unaonyesha matundu na kikunjo, lakini vifuko vya kuhifadhia mbegu na njia zake, ambavyo ndivyo hutofautiana kati ya spishi, viko ndani na vimezungukwa na misuli. Lazima visafishwe. Wengine hutumia potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 iliyopashwa moto kwa dakika chache, wengine asidi ya laktiki, na wengine mafuta ya karafuu, yaleyale ya Unguja na Pemba, ambayo hufanya tishu zipitishe mwanga bila kuzila. Kila njia ina hatari yake. Potasiamu ikiachwa muda mrefu hulainisha na kupausha hata sehemu ngumu, na vifuko hubonyea vikawa na umbo ambalo buibui hakuzaliwa nalo. Mafuta ya karafuu yakikutana na maji hugeuka ukungu mweupe, kwa hiyo kiungo kipitishwe kwanza kwenye ethanoli kali kiishe maji. Kwa dume hutolewa palpi ya kushoto, kwa desturi, ili michoro ya watu wote ilinganishwe, nayo hutazamwa kwa chini na kwa ubavu wa nje. Kuwa makini hapa kuliko popote: palpi ikizungushwa nyuzi chache tu, mwiba wa tibia (kipande cha palpi kilicho kabla ya uvimbe) unaonekana mfupi au umepinda kwa namna nyingine, na «spishi mpya» kadhaa duniani zimezaliwa kwa pembe mbaya ya kutazama. Ndipo unapofungua michoro ya Dippenaar-Schoeman na kulinganisha, na ikibidi unaomba kuangalia kielelezo cha awali katika makumbusho kinakohifadhiwa.

Wanaotetea picha wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Picha hizo ndizo zinazotuletea rangi halisi ambazo vichupa vimezipoteza, mimea inayokaliwa, mawindo, majira, na maeneo ambayo hakuna mtaalamu aliyekanyaga. Afrika Mashariki ina watu wachache mno waliosomea buibui, na kusubiri wao wazunguke kila wilaya ni kukubali kutojua kwa vizazi vingine. Picha pia haiui. Wapo wanaochukizwa na kuua buibui kwa ajili ya jina, na hisia hiyo ninaiheshimu. Jibu langu ni kwamba buibui-kaa jike hutaga mayai mengi, na kuchukua wachache wenye lebo kamili hakuumizi idadi yao kama dawa moja iliyopulizwa shambani. Tena si kila mara lazima auawe. Jike akipoozwa kwenye friji dakika 5 hadi 10 hutulia. Ukimlaza juu ya sponji na kumbana polepole kwa nailoni angavu ya kufungia chakula, tumbo likielekea juu, unaweza kuipiga epigini picha kwa lenzi ya makro na kumrudisha kwenye ua lake. Picha hiyo haionyeshi vilivyo ndani, ila inathibitisha ukomavu, na kwa baadhi ya spishi inapunguza majina yanayowezekana.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: kwamba jina likikubaliwa na watu wawili au watatu jukwaani limethibitishwa. Kwenye iNaturalist, rekodi hupanda hadi daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana, na wawili wanatosha. Lakini mara nyingi wa kwanza alichukua jina lililopendekezwa na mashine, na wa pili aliliona limeshaandikwa akabofya kukubali. Huo si ushahidi wa pande mbili, ni wa upande mmoja uliorudiwa. Ubaya zaidi uko ndani ya mashine yenyewe. Mfumo hujifunza spishi zenye picha za kutosha tu, kiasi cha 100 hivi. Isiyofikisha haimo kwenye majibu yanayowezekana, hata kama ndiyo iliyo mbele ya kamera. Thomisus onustus wa Ulaya ana picha tele. Spishi nyingi za Afrika zinajulikana kwa vichupa vichache. Mashine ikilazimika kuchagua kati ya inazozijua, itaelekea kwa maarufu, watu watakubali, picha hiyo itaongezwa kwenye mafunzo ya mzunguko ujao, na kosa litarudi likiwa na uhakika mkubwa zaidi. Kuongeza picha hapa hakusahihishi kitu, kunalikomaza kosa. Kichujio cha mahali nacho husaidia kidogo tu: T. daradioides ameripotiwa kutoka Afrika Kusini hadi India, na watoto wa buibui-kaa hupeperushwa na upepo kwa uzi wa hariri, kwa hiyo kuwa Tanga au Kilifi hakumtengi yeye wala wenzake.

Na vinasaba? Kipande cha jeni ya COI, herufi 658, hupatikana kwa mguu mmoja, na kinaweza kufanya ambalo hadubini haiwezi: kumwoanisha dume na jike wake, na kumtambua mchanga. Ninaunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini mfuatano wa jeni hauna jina mpaka mtu aliyeangalia epigini ya buibui huyohuyo aliandike. Hifadhidata ikiwa na mifuatano iliyopewa majina kwa kutazama rangi, mashine ya vinasaba itarithi kosa la mashine ya picha, likiwa na heshima ya maabara.

Madhara yake hayaishii kwenye majina. Rekodi za daraja la utafiti hupelekwa GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe, na kutoka huko huchotwa na wanaochora ramani za mtawanyiko na kukadiria athari za joto. Ramani iliyochanganya spishi tatu chini ya jina moja huonyesha kiumbe aliyeenea kila mahali na asiye hatarini, wakati mmoja kati ya hao watatu anaweza kuwa anaishi kwenye msitu mmoja wa Milima ya Tao la Mashariki. Shambani pia ni vilevile. Buibui-kaa ni miongoni mwa maadui wa asili wa wadudu kwenye pamba, na haohao huwala nyuki wanaochavusha alizeti. Anayetaka kujua kama yupo wa kulindwa lazima ajue ni spishi gani inayokula nini, na orodha ya majina ya kubahatisha haitamjibu; ingemfaa zaidi orodha iliyoandika «Thomisus, jike komavu, epigini haijachunguzwa».

Ndiyo maana ningependa tuanze kuandika hivyo bila kuona haya. Anayepiga picha apige nne: ya juu, ya uso, ya ubavu, ya tumbo, pamoja na kipimo cha milimita, na aandike ua. Anayekubali jina la spishi kwenye jukwaa aulizwe ni alama gani aliyoiona, na kama hana, arudishe rekodi kwenye jenasi. Jukwaa lina uwezo huo. Kisha vyuo vyetu na makumbusho za taifa, kwa vibali vya tume za sayansi, COSTECH upande wa Tanzania na NACOSTI upande wa Kenya, viweke kwa kila mkoa mkusanyiko mdogo wa buibui waliopigwa picha wakiwa hai, wakachunguzwa via vya uzazi, wakatolewa mguu kwa ajili ya vinasaba, wote wakiwa na namba moja ya kielelezo. Vielelezo vingi vya awali vya buibui wetu viko London, Paris, Berlin, Tervuren na Copenhagen. Mkusanyiko wenye namba za namna hiyo, hata wa vichupa mia mbili, ungempa mwanafunzi wa Morogoro au Kakamega kitu cha kulinganisha bila kuomba viza.